Kiongozi Anawajibika kwa Nani? Ramallah, Jerusalem na Mageuzi Yasiyokwisha

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya walimu na wanafunzi wa vyuo. Wengi walizuiwa na mvua, wengine walikosa nafasi ukumbini, nao wameomba waipate yote. Nimeiandika kama nilivyoisema. Ramani na picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, vijana, habari za jioni.

Nianze na jambo ambalo sote humu tunalijua. Ukitamka neno Palestina au neno Israeli mbele ya watu wengi kama hivi, ukumbi hugawanyika kabla hujafika mwisho wa sentensi. Wengi wetu tumekuja na upande, na upande huo tumeurithi msikitini au kanisani, pengine kabla hatujajua kusoma ramani. Simlaumu mtu. Nchi yetu yenyewe imepita huku na huku. Miaka ya 60 Waisraeli walikuwa hapa wakisaidia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere akavunja uhusiano nao, na Wapalestina wakapewa heshima ya kibalozi Dar es Salaam. Mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Na tarehe 7 Oktoba 2023, kati ya watu wapatao 1,200 waliouawa kusini mwa Israeli, walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita iliyofuata imeua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza, wengi wao wanawake na watoto. Kwa hiyo asiwepo anayeniambia kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali.

Lakini jioni hii sikuja kuwauliza mko upande gani. Nimekuja na swali moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke: anayetawala, anawajibika kwa nani?

Kwa miaka zaidi ya 20 tumesikia neno mageuzi likitajwa pamoja na Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya ndani ya Wapalestina. Mamlaka ifanye mageuzi. Mamlaka imeahidi mageuzi. Juzi tu, tarehe 17 Novemba 2025, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio nambari 2803 kuhusu Gaza, neno likawa lilelile: Mamlaka ya Palestina itarudi kuishika Gaza ikishakamilisha mageuzi yake. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "utapanda darasa ukifaulu", mwanafunzi ana haki ya kuuliza mtihani unatungwa na nani na unasahihishwa na nani. Kwa Wapalestina hilo halijawahi kuwa wazi, na ndipo penye hadithi yangu ya kwanza.

Turudi mwaka 2002. Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, yuko Ramallah, mji wa Ukingo wa Magharibi, ndani ya makao yake yaitwayo Muqataa, na vifaru vya Israeli vimemzunguka. Yeye ndiye rais aliyechaguliwa Januari 1996 kwa karibu asilimia 88 ya kura. Lakini pesa za Mamlaka zilikuwa zikienda wapi? Israeli ndiyo inayokusanya ushuru wa bidhaa zinazoingia Palestina na inayopaswa kuukabidhi kwa Mamlaka, kwa makubaliano ya mwaka 1994. Sehemu ya ushuru huo, hasa wa mafuta, haikuingia hazina. Iliingia katika akaunti ya benki mjini Tel Aviv ambayo Arafat na msaidizi wake mmoja ndio walioisimamia. Mwaka 2003 Shirika la Fedha la Kimataifa lilieleza kwamba kati ya 1995 na 2000 takriban dola milioni 900 zilipita nje ya bajeti kwa njia kama hizo.

Na hapa nataka msikilize vizuri. Pesa zile zilitumwa kwenye akaunti ile na nani? Na serikali ya Israeli. Ilijua. Wafadhili nao walijua mengi. Maadamu Arafat alionekana kuwa ndiye mtu wa kuzuia wapinzani wa amani, hakuna aliyemuuliza risiti. Siku alipoonekana hafai tena, risiti zikaulizwa zote kwa pamoja.

Askari wake je? Vyombo vya usalama vilikuwa zaidi ya kumi, na mishahara ilitolewa taslimu kupitia makamanda. Kamanda anapokea fedha za kikosi kizima, halafu yeye ndiye anayemhesabia askari mkononi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Askari yule akiulizwa anamtumikia nani, atataja sheria ambayo hajawahi kuiona, au atamtaja aliyempa chakula cha watoto?

Juni 2002 Arafat alimteua waziri mpya wa fedha, Salam Fayyad, mchumi aliyewahi kufanya kazi katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Fayyad akaamuru mapato yote yaingie akaunti moja ya hazina. Akaanza kutangaza hesabu za serikali ili kila mtu azione. Na lililowaudhi makamanda kuliko yote, akataka mshahara wa askari upelekwe benki kwa jina la askari mwenyewe. Vijana wangu wa uhasibu mlioko humu, mnaielewa kazi hii kuliko mimi. Kubadili njia ya mshahara ni kubadili utii. Nawaambia kwa moyo wangu wote, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na Wapalestina wenyewe waliyataka tangu zamani. Bunge lao lilikuwa limepitisha Sheria ya Msingi tangu 1997. Arafat alikaa nayo miaka mitano bila kuitia saini, akaja kuisaini Mei 2002, vifaru vikiwa vimetoka mlangoni juzijuzi. Wabunge waliomsihi miaka mitano hakuwasikia. Shinikizo la nje alilisikia kwa wiki chache.

Anayetawala, anawajibika kwa nani?

Hadithi ya pili ni ya kiti. Tarehe 24 Juni 2002 Rais George W. Bush wa Marekani alisimama katika bustani ya Ikulu yake akawataka Wapalestina wapate viongozi wapya. Arafat hakutaka kuondoka, na kumwondoa rais aliyechaguliwa si jambo dogo. Ikatafutwa njia ya pembeni: abaki rais, lakini apunguzwe. Machi 2003 Sheria ya Msingi ikarekebishwa na cheo kipya kikaundwa, cha Waziri Mkuu, chenye baraza la mawaziri na madaraka ya usalama wa ndani. Wa kwanza kukikalia alikuwa Mahmoud Abbas. Aligombana na Arafat juu ya nani anavishika vyombo vya usalama, akajiuzulu Septemba mwaka huohuo, baada ya kama miezi minne.

Arafat akafariki Novemba 2004. Januari 2005 Abbas akachaguliwa rais kwa muhula wa miaka minne. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Januari 2006, ukafanyika uchaguzi wa bunge ambao waangalizi wa nje waliusifu. Hamas, chama cha Kiislamu chenye wapiganaji wake, ikapata viti 74 kati ya 132. Fatah, chama cha Abbas, viti 45. Kwa sheria ileile iliyotungwa kumpunguza Arafat, kiti cha Waziri Mkuu kikaenda kwa Ismail Haniyeh wa Hamas.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Waliokuwa wakisema rais asiwe na nguvu nyingi, sasa wakataka rais awe na nguvu zote. Misaada iliyopaswa kupitia hazina ikazungushwa njia nyingine ili isiifikie serikali. Hazina moja, ile kazi ya Fayyad, ikatobolewa na walewale walioisifu. Walinzi wa rais wakaongezewa nguvu. Israeli ikazuia kodi.

Wako watakaonijibu: Mwalimu, Hamas ilikuwa na silaha, ililipua mabasi, ilikataa kuitambua Israeli, ungetaka ilipwe? Ni swali la haki, wala silikwepi. Hamas ilikuwa na damu ya raia mikononi, na hakuna nchi inayolazimishwa kutoa msaada kwa mtu inayemwona adui. Ninachosema ni kingine. Ukimwambia mtu ajenge nyumba ya sheria, halafu ukaibomoa kwa sababu aliyeingia si uliyemtaka, basi uliyekuwa unamjenga ni mtu, si nyumba. Na wajukuu wataikumbuka bomoabomoa ile muda mrefu kuliko ujenzi.

Kuna kipande kidogo cha hadithi hii ambacho huwa hakisimuliwi, na mimi hunikera kuliko vyote. Februari 2006, bunge lililokuwa linamaliza muda wake, lenye Fatah wengi, lilikaa kikao cha mwisho kabla ya wabunge wapya kuapishwa. Likampa rais madaraka ya kuteua mahakama ya katiba. Ilikuwa ngao ya kujikinga na Hamas. Mahakama hiyo Abbas aliiunda miaka kumi baadaye, 2016. Nayo ilifanya nini? Desemba 2018 ikaamua kwamba bunge lile la 2006 livunjwe na uchaguzi ufanyike ndani ya miezi sita. Bunge likavunjwa. Uchaguzi haukufanyika.

Juni 2007 Hamas ilikuwa imeiteka Gaza kwa bunduki baada ya siku za mapigano na Fatah, na tangu hapo watu wale wakawa na serikali mbili. Gaza nako, nani aliulizwa tena? Hamas ilishinda uchaguzi mmoja ikajihesabia kuwa imeshinda milele. Uamuzi wa 7 Oktoba 2023 ulifanywa na watu wachache, na gharama yake wakaibeba zaidi ya watu milioni mbili ambao hawakupigiwa hata hodi. Machi 2025, mabomu yakiwa bado yanaanguka, watu wa Beit Lahia waliandamana wakitaka vita ikome na Hamas iondoke. Hebu fikirini ujasiri wa mtu mwenye njaa anayewapigia kelele wenye bunduki wa nje na wenye bunduki wa ndani kwa siku moja.

La Fayyad nitalipitia haraka. Aliteuliwa Waziri Mkuu upande wa Ukingo wa Magharibi, uliobaki kwa Abbas, baada ya mpasuko wa 2007. Agosti 2009 akatangaza mpango wa miaka miwili wa kujenga taasisi za dola, ili siku ya uhuru ikifika iwakute watu wana mahakama, hazina na polisi. Kufikia 2011 Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na Umoja wa Mataifa wote walisema taasisi hizo zimefikia kiwango cha dola. Amefaulu mtihani! Akapewa nini? Asilimia 60 hivi ya Ukingo wa Magharibi ikabaki chini ya Israeli moja kwa moja, makazi ya walowezi wa Kiisraeli yakaendelea kupanuka, kodi ikazuiwa kila siasa ilipochafuka, mishahara ya walimu ikachelewa. Mwaka 2012 watu waliingia barabarani kumlaani yeye kwa bei ya mafuta. Aprili 2013 akajiuzulu. Nampenda mtu huyu, niseme kweli, lakini orodha yake ya wagombea mwaka 2006 ilipata viti viwili tu kati ya 132. Waliomwamini zaidi walikuwa Washington na Brussels. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa twendeni ng'ambo ya pili ya ukuta, upande wa Israeli, maana nisipofika huko mtasema nimekuja kuwasengenya Wapalestina.

Oktoba 1973, siku ya Yom Kippur, sikukuu kubwa ya Wayahudi, Misri na Syria ziliishambulia Israeli ghafla. Ngome za Israeli kando ya Mfereji wa Suez zikaanguka moja baada ya nyingine. Moja tu haikutekwa, ile ya kaskazini kabisa, iliyoitwa Budapest. Kamanda wake alikuwa kapteni wa askari wa akiba, Motti Ashkenazi. Waisraeli zaidi ya 2,600 walikufa katika vita hiyo. Desemba ukafanyika uchaguzi na chama cha Golda Meir kikashinda tena.

Februari 1974 kapteni yule akavua sare, akaenda Jerusalem, akasimama peke yake mbele ya ofisi ya Waziri Mkuu na bango mkononi. Alitaka waziri wa ulinzi, Moshe Dayan, aondoke. Peke yake! Nasema peke yake kwa sababu vijana huniuliza, "Mwalimu, mtu mmoja atafanya nini?" Wakaja wengine, askari waliotoka vitani, wajane, wakawa maelfu. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Shimon Agranat ikatoa ripoti yake ya kwanza tarehe 1 Aprili, ikawalaumu mkuu wa majeshi na mkuu wa upelelezi wa kijeshi, ikawaacha mawaziri. Watu hawakukubali kwamba kosa liishie kwa wenye sare. Siku kumi baadaye Golda Meir akajiuzulu, yeye aliyetoka kushinda uchaguzi.

Mwaka 1982 tena. Wanamgambo wa Kilebanoni washirika wa Israeli waliingia kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila mjini Beirut wakaua mamia ya watu, jeshi la Israeli likiwa limezizunguka kambi hizo. Umati mkubwa ukajaa Tel Aviv kudai uchunguzi. Tume ya Jaji Yitzhak Kahan ikasema Februari 1983 kwamba Ariel Sharon, waziri wa ulinzi, anabeba dhamana yake binafsi. Akaachia wizara. Lakini alibaki katika baraza la mawaziri, na mwaka 2001 akawa Waziri Mkuu. Jeraha lilifungwa bandeji juu ya usaha.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu tume zile zilikuwa na meno. Sheria yao ya mwaka 1968 inasema serikali ikishaamua kuunda tume ya aina hiyo, wajumbe wanateuliwa na Rais wa Mahakama ya Juu, si na waziri anayechunguzwa. Israeli haina katiba moja iliyoandikwa. Ina Sheria za Msingi, na mahakama hiyo ndiyo breki kubwa iliyobaki. Januari 2023 waziri wa sheria wa Benjamin Netanyahu, Yariv Levin, alitangaza mpango wa kuipunguza breki hiyo, wakati Netanyahu mwenyewe akiwa mahakamani kwa kesi za rushwa anazozikana. Kwa miezi mingi mtaa wa Kaplan mjini Tel Aviv ulijaa watu kila Jumamosi. Julai sehemu moja ya mpango ikapita kwa kura 64 kwa sifuri, wapinzani wakiwa wametoka nje. Tarehe 1 Januari 2024 mahakama ikaifuta kwa majaji 8 dhidi ya 7.

Katikati ya hapo ikaja 7 Oktoba, siku iliyoua watu wengi kuliko siku nyingine yoyote katika historia ya nchi hiyo. Watu 251 walichukuliwa mateka. Tume ya mfano wa ile ya Agranat iko wapi? Serikali haikuiunda. Novemba 2025, baada ya zaidi ya miaka miwili, iliamua kuunda tume ya namna nyingine, ambayo mipaka ya kazi yake inapangwa na mawaziri wenyewe. Familia za waliouawa zimesimama mahali aliposimama yule kapteni, na mlango haujafunguka.

Na hapa nisiwafiche. Katika maandamano yale ya Kaplan palikuwa na kundi dogo pembeni, la Waisraeli waliokuja na bendera za Palestina. Wengine waliwasukuma, wakawaambia si wakati wake. Wao walikuwa wakisema hakuna demokrasia pamoja na ukaliaji wa mabavu. Mimi naona kundi lile dogo ndilo lililoshika mzizi wa jambo. Tangu 1967 Mpalestina wa Hebron anaamuliwa barabara ya kupita, kibali cha kujenga na saa ya kufika hospitali na serikali ambayo hawezi kuipigia kura. Akikamatwa hupelekwa mahakama ya kijeshi, wakati mlowezi wa jirani yake hupelekwa mahakama ya kiraia. Mahakama inayopiganiwa Kaplan ni yake pia? Ni nusu yake? Serikali ikizoea kuwatawala watu isiowajibika kwao, mazoea hayo hayabaki ng'ambo ya ukuta. Hurudi nyumbani.

Nimalizie na mwaka 2021, kwa sababu ndipo ninapoumia zaidi.

Januari mwaka huo Mahmoud Abbas, ambaye muhula wake uliisha 2009, alitangaza uchaguzi wa bunge kuwa tarehe 22 Mei. Vijana mlioko hapa, Mpalestina aliyezaliwa baada ya Januari 1988 hajawahi kumpigia kura mbunge wala rais. Leo ana watoto. Basi daftari likafunguliwa, na watu zaidi ya milioni mbili na nusu wakawa wamejiandikisha, zaidi ya asilimia 90 ya wenye haki. Gaza na Ukingo wa Magharibi, wote. Orodha 36 za wagombea zikapitishwa. Fatah ikagawanyika mafungu matatu. Israeli haikutoa jibu kama wakazi wa Jerusalem Mashariki wangeruhusiwa kupiga kura kama walivyofanya 1996, 2005 na 2006. Usiku wa kuamkia 30 Aprili Abbas akaahirisha uchaguzi, akataja Jerusalem. Sababu ile ilikuwa ya kweli. Na hofu ya kushindwa nayo ilikuwa ya kweli. Aliyezuia Jerusalem na aliyeahirisha kura walikuwa maadui, lakini usiku ule walifanya kazi moja.

Katika mojawapo ya orodha zile 36 alikuwamo mtu wa Hebron aitwaye Nizar Banat, fundi wa maneno makali, aliyezoea kujirekodi video akiwashutumu wakubwa wa Mamlaka kwa ufisadi. Kura ilipofutwa hakunyamaza. Tarehe 24 Juni 2021, alfajiri, maafisa wa usalama wa Mamlaka walivunja mlango wa nyumba alimolala, wakampiga, wakamchukua. Saa chache baadaye alikuwa amekufa. Maafisa hao walikuwa ni wa vyombo vilevile ambavyo mishahara yao ilishapitishwa benki, vilevile vilivyofundishwa na kuvalishwa sare kwa fedha za mageuzi.

Familia yake ilitaka haki. Ilipaswa iende kwa mbunge wake, mbunge aende kwa kamati, kamati imwite waziri aje ajibu. Lakini mbunge hakuwepo. Kamati haikuwepo. Bunge lilikuwa limevunjwa tangu Desemba 2018, na wiki nne na siku kadhaa kabla ya mlango ule kuvunjwa, tarehe 22 Mei, ndiyo iliyokuwa siku ya kulichagua jipya.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Maikrofoni ipelekwe nyuma, naona mikono imeanza kunyooshwa.